Kukosoa ni kufungua: Wanafunzi wafunzwe kuitazama kazi ya mwenzao

Kuna kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho wengi wetu hukitumia bila kulitazama umbo lake. Kitenzi hicho ni "kosoa". Msemaji wa kawaida akikisikia hudhani kina maana ya kusaka makosa, na ndiyo sababu mtu akiambiwa kwamba kazi yake itakosolewa hukunja uso. Lakini aliyesoma kauli ya kutendua katika sarufi ataona jambo jingine. Funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, kunja huzaa kunjua, choma huzaa chomoa. Katika jozi hizi zote, kitenzi cha pili hukitangua kile cha kwanza. Kwa utaratibu uo huo, kosa huzaa kosoa. Anayekosoa, kwa mujibu wa umbo la neno lenyewe, ni yule anayeliondoa kosa lililokwisha kuingia, kama vile anayechomoa mwiba anavyouondoa mguuni. Hakuna aliyechomolewa mwiba akadai kwamba ametukanwa.

Nimelikumbuka jambo hili kwa kuwa muhula uliopita nilialikwa mara kadhaa kuketi na wanafunzi wanaosomea uhuishaji, yaani sanaa ya kuzipa picha uhai, ile ambayo watoto wetu huifahamu kwa jina la katuni. Waliniita niwasahihishie Kiswahili cha maandishi yao. Nilichokikuta huko ni somo la lugha ambalo ni nadra kulisikia likifundishwa katika madarasa yetu ya lugha.

Sanaa hii ina hesabu zake. Filamu hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Tangazo la biashara la nusu dakika, basi, ni picha 720. Hata mchoraji akiutumia kila mchoro mara mbili, kama ilivyo desturi ya kupunguza kazi, atabakiwa na michoro 360. Kosa likigunduliwa baada ya michoro hiyo kukamilika, jasho la wiki nyingi limepotea bure. Kwa hiyo mabingwa wa fani hii walijifunza mapema kulitafuta kosa likiwa lingali katika karatasi. Katika studio ya Walt Disney, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilianza desturi ya kuichora hadithi nzima kwa michoro midogo na kuibandika ukutani kwa mfululizo. Filamu yao ya nguruwe watatu ya mwaka 1933 hutajwa miongoni mwa za kwanza kuandaliwa hivyo kikamilifu. Mfululizo huo ndio unaoitwa storibodi hadi leo. Yamkini mtu atadhani kwamba ubao ule uliwekwa ili kumsaidia mchoraji akumbuke. Faida yake kubwa ilikuwa kwamba kazi ya mtu mmoja iliweza kutazamwa na watu kumi kwa wakati mmoja, na mchoro usiofaa ukabanduliwa bila matanga. Katika studio hiyo hiyo kulikuwa na chumba kidogo, kisichopitisha hewa, ambamo michoro ya majaribio ilitazamwa na Disney pamoja na wasaidizi wake. Wafanyakazi walikiita chumba cha jasho, na sidhani kwamba ni joto peke yake lililowatoa jasho.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa John Lasseter na taa zake. Mnamo mwaka 1986, kijana huyu wa Marekani alikuwa akitengeneza kwa kompyuta filamu fupi mno ya taa mbili za mezani, kubwa na ndogo, zikicheza na mpira. Kazi ilipokuwa bado changa aliionyesha kule Brussels, na mhuishaji mkongwe wa Ubelgiji, Raoul Servais, akamuuliza hadithi yake ni ipi. Lasseter akajitetea kwamba filamu ni fupi, haina nafasi ya hadithi. Servais akamjibu kwamba hata sekunde kumi zinatosha kusimulia hadithi. Filamu hiyo, Luxo Jr., ilipoonyeshwa Agosti mwaka huo mbele ya wataalamu wa michoro ya kompyuta mjini Dallas, mmoja wao, Jim Blinn, alimwendea Lasseter na swali. Lasseter alitarajia kuulizwa jinsi vivuli vilivyokokotolewa. Alichoulizwa ni kama ile taa kubwa ilikuwa mama au baba. Hapo akajua kwamba kazi imefaulu. Jaribu kulipima swali lile la Servais: halikuwa sifa, wala halikuwa lawama, na halikumpa kijana jibu. Lilimwonyesha tu mahali palipokuwa na pengo.

Sasa nije kwa wanafunzi wetu. Binti mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa amepewa zoezi la kubuni tangazo la sekunde 30 la taa ya sola, ile ndogo inayoanikwa juani mchana ikaangaza usiku, na ambayo katika nyumba nyingi za vijijini imeiondoa koroboi mezani. Aliamua kulijenga tangazo lake kwa mtindo wa bunilizi za kisayansi. Michoro yake ya kwanza ilituonyesha Nairobi ya mwaka 2163: matatu zikipaa juu ya Barabara ya Thika, roboti akiuza mahindi ya kuchoma, vyombo viwili vya angani vikifukuzana kati ya maghorofa, kisha umeme ukapotea jiji zima, giza likatanda, na mnamo sekunde ya 26 taa ikachomoza mkononi mwa mtoto. Nilivyoona mimi, mkono wa binti yule ni mkono wa fundi.

Darasa lile lina kanuni moja ambayo mwalimu wao huisimamia bila huruma: kabla ya yeyote kutoa maoni, kila mmoja husimulia alichokiona. Wenzake walikuwa saba. Wa kwanza alisimulia matatu zinazopaa. Wa pili naye matatu. Wa tatu alivutiwa na roboti wa mahindi, akataka kujua kama anapaka pilipili na ndimu. Wa nne, kwa moyo mweupe kabisa, alisema kwamba alidhani ni tangazo la bima ya magari. Ni mmoja tu kati ya saba aliyeitaja taa, naye aliiita tochi.

Binti hakujitetea. Alifungua daftari akaandika, nami nikaona kwamba alikuwa amepewa kitu ambacho alama ya mwalimu isingempa. Kama mwalimu angemwandikia kwa wino mwekundu kwamba bidhaa haionekani vya kutosha, angeweza kubisha moyoni kwamba ni maoni ya mtu mmoja mwenye umri mkubwa. Lakini watu saba wa rika lake, waliotaka kumpendeza, walikuwa wameitazama taa wasiione. Mtazamaji wa televisheni haketi na mtunzi wa tangazo ili afafanuliwe. Yuko jikoni, anaangalia kwa jicho moja, na sufuria inachemka.

Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu kuandika bila walimu. Kwa maoni yake, msaada mkubwa ambao msomaji anaweza kumpa mwandishi ni kumweleza yaliyopita akilini mwake alipokuwa akisoma, kabla ya kumhukumu. Nasi tunaozungumza Kiswahili tuna vyombo vya kulifanyia hili, ila tunavitumia ovyo. Linganisha sentensi mbili nilizozisikia siku ile. Mmoja alisema, "Hapa umetupoteza." Mwingine akasema, "Hapa nilipotea." Katika ile ya kwanza, mtenda ni mchoraji, naye ameshitakiwa, na kile kiambishi "tu" kimelikusanya darasa zima kuwa shahidi bila kuliuliza. Katika ile ya pili, mtenda ni mtazamaji, na anachokitoa ni habari za safari yake mwenyewe. Ya kwanza inaweza kubishwa. Ya pili haibishiki, kwa maana nani atamwambia mtu kwamba hakupotea?

Au lichukue neno "mbona". Wageni wanaojifunza Kiswahili huambiwa kwamba "mbona" na "kwa nini" ni mamoja. Si kweli. Anayeuliza "Mbona umechelewa?" amekwisha kuamua kwamba hukupaswa kuchelewa. "Mbona" ni swali lililovaa joho la hakimu. Liz Lerman, mtaalamu wa densi wa Marekani ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 amekuwa akieneza utaratibu wake wa kuitikia kazi za wasanii, huwataka watazamaji wayageuze maoni yao kuwa maswali yasiyoegemea upande wowote. Kwa Kiswahili, zoezi hilo huanza kwa kulitia "mbona" kabatini. Badala ya "Mbona taa ni ndogo hivi?", mwanafunzi huuliza, "Ulikusudia nini kwa ukubwa huu wa taa?" Swali la kwanza hujibiwa kwa udhuru, na la pili kwa fikra. Nalo "lakini" linalofuata sifa, la "Kazi yako ni nzuri sana, lakini...", kila Mkenya aliyepita shuleni anajua kwamba husikilizwa kuanzia kwenye mkato tu.

Wiki mbili baadaye binti alirudi na storibodi ya pili. Jiji lilikuwa limetoweka. Mwenzake mmoja alikuwa amemkumbusha fundisho la mhakiki Darko Suvin, aliyeandika mwaka 1979 kwamba bunilizi ya kisayansi hujengwa juu ya jambo jipya moja ambalo mengine yote hulifuata kimantiki. Matatu zinazopaa zilikuwa jambo jipya, roboti jingine, vyombo vya angani la tatu. Mtazamaji hawezi kukubali mageni matatu kwa nusu dakika na bado aikumbuke taa. Sasa palibaki jambo moja. Usiku, katika kijiji kikavu cha ukambani, chombo cha angani kinaharibika na kutua shambani. Mgeni anashuka, anatembea gizani kuelekea kwenye nuru pekee anayoiona, na nuru hiyo ni ya msichana anayefanya hesabu mezani kwa taa ya sola. Nyanya yake yuko kando, anachambua maharagwe. Mgeni anaitazama taa, kisha anainua mkono kuelekea angani, upande ambako jua lilitulia saa chache zilizopita. Ametoka mbali, miongoni mwa nyota, na anaitambua nyota iliyofungiwa ndani ya kifaa cha plastiki.

Safari hii wote saba waliitaja taa. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo lilinifanya nisahau kwamba nilikuja kusahihisha viambishi. Katika michoro, mgeni alizungumza Kiingereza, nyanya akajibu kwa Kiswahili, na maandishi ya chini yakatafsiri maneno ya nyanya. Kijana mmoja mkimya aliuliza, "Ulikusudia nini kumpa mgeni Kiingereza?" Binti hakuwa amekusudia lolote. Mgeni wa angani alijiendea mwenyewe kwenye Kiingereza, kama vile kalamu inavyoteremkia mkono uliozoea. Wenzake wakaanza kubishana: je, wakati ujao unazungumza lugha gani?

Inafaa msomaji akumbuke kwamba lugha zetu zilikwisha kufika angani zamani. Katika mfululizo wa televisheni wa Star Trek, ulioanza mwaka 1966, afisa wa mawasiliano aliitwa Uhura, jina lililotokana na uhuru, na katika kipindi kimoja cha mwaka 1967 alipofutwa kumbukumbu alirejea kuzungumza Kiswahili. Katika filamu ya Return of the Jedi ya mwaka 1983, rubani msaidizi mwenye mashavu makubwa alipewa sauti na Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, Kipsang Rotich, na maneno yake mengine ni Kikuyu wazi. Watazamaji wa kwingineko walisikia lugha ya sayari isiyojulikana. Wa Nyeri walisikia jirani. Ni heshima, ingawa ni heshima yenye kasoro, kwa sababu katika filamu ile lugha yetu ilichaguliwa kwa matumaini kwamba hakuna atakayeielewa. Waandishi wetu wenyewe wamekwenda njia nyingine. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimsafirisha Dzombo hadi sayari ambayo jina lake, ukilikata vizuri, ni "wale ni sisi". Naye Wanuri Kahiu, katika filamu yake fupi Pumzi ya mwaka 2009, aliubuni ulimwengu uliokaukiwa na maji baada ya vita, akaipa filamu yenyewe jina la Kiswahili. Mambo haya niliwaeleza wanafunzi kwa ufupi, kisha nikanyamaza, kwani mwalimu mgeni asiyejua kunyamaza huwapokonya wenyeji kikao.

Suluhisho lilitoka kwa yule kijana mkimya. Alipendekeza mgeni asiwe na lugha hata kidogo, ajifunze neno moja tu kutoka kwa msichana. Mgeni anapoonyesha angani, msichana anamwambia: "Jua." Mgeni anarudia: "Jua." Msichana anarudi kwenye daftari lake la hesabu.

Darasa lilinyamaza, kisha likacheka kwa pamoja, kicheko cha watu waliokuta kitu walichokuwa wamekikalia. Maana neno hilo ni mawili. Ni jina la nyota inayotuangaza, na ni amri ya kupata maarifa. Katika isimu tunayaita maneno ya namna hii homonimu, na kwa kawaida tunayafundisha kwa mifano iliyochakaa ya kaa na kaa, paa na paa. Hapa homonimu ilibeba tangazo zima: nguvu inayotoka juani, na msichana anayesoma usiku kwa nguvu hiyo. Mjadala kuhusu lugha ya mgeni ukawa umekwisha bila kura, kwa sababu tangazo hilo haliwezi kufasiriwa kwa Kiingereza. Ukilifasiri, nusu yake inakufa.

Najua pingamizi linalokuja. Wako wasanii wanaoamini kwamba kazi ikipitishwa mikononi mwa wengi hulainika na kukosa ladha. Nao wana ushahidi. Tangazo la bunilizi ya kisayansi linalojulikana zaidi duniani ni lile la kompyuta ya Macintosh, lililoongozwa na Ridley Scott na kurushwa Januari 22, 1984. Ndani yake mwanariadha anakirushia nyundo kioo kikubwa mbele ya umati ulioduwaa, na kompyuta yenyewe haionekani hata mara moja. Wakurugenzi wa Apple walipooneshwa tangazo hilo kabla ya siku hiyo, hawakulipenda. Kama maoni yao yangekuwa ndiyo hukumu, lingezikwa. Lakini tutofautishe. Wakurugenzi wale walikuwa na mamlaka ya kuzuia, ilhali wanafunzi wenza hawana mamlaka yoyote, na humo ndimo mna faida yao. Ed Catmull, aliyekuwa rais wa studio ya Pixar, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2014 jinsi jopo la watunzi wa studio hiyo lilivyokuwa likizichambua filamu za wenzao. Jopo lilisema kila kitu, na mwongozaji hakulazimika kutii hata neno moja. Mwandani wetu naye hakutii yote. Wengi walimtaka amfanye nyanya azirai kwa hofu anapomwona mgeni, ili watu wacheke. Alikataa katakata. Alisema nyanya yake mwenyewe asingezirai. Angemuuliza mgeni kama amekula. Akamchora nyanya akisukuma kigoda kwa mguu bila kuacha kuchambua maharagwe, na nadhani hicho kigoda ndicho kitu bora zaidi katika sekunde zote 30.

Kwa nini nayaandika haya katika ukurasa unaosomwa na walimu? Kwa sababu wanafunzi hawa walichukua karibu mwaka mzima kabla ya kukubali kuonyeshana kazi, na sababu yake tunaijua sisi. Liangalie darasa lolote la shule ya msingi linapoandika. Utaona mkono wa kushoto umezungushwa daftari kama boma, jirani asichungulie. Mtihani ndio uliojenga boma hilo, na katika mtihani lina haki yake. Lakini tunaliacha lisimame hata siku ya insha, hata siku ya kuchora, miaka kumi na miwili mfululizo, kisha kijana akifika chuoni tunamtaka alibomoe kwa siku moja. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi ashirikiane na wenzake na aitathmini kazi yao. Katika madarasa mengi kutathmini huko ni kubadilishana madaftari na kutia vema. Mwalimu mwenye insha 60 za kusahihisha kila wiki hana wakati wa mabadiliko makubwa, nami simdai hayo. Namdai dakika 15: insha moja isomwe kwa sauti, wanafunzi watano wasimulie walichokisikia bila kusifu wala kulaumu, naye mwalimu awe wa mwisho kusema.

Katika kikao cha mwisho nilichohudhuria, palibaki masuala mawili. La kwanza lilikuwa kama neno "jua" litamkwe tu au liandikwe pia kwenye picha ya mwisho. Walilipima kwa kulitamka mmoja mmoja, na kila aliyelitamka aliligeuza kidogo: wengine lilitoka kama jina la kitu, wengine kama amri, na msichana mmoja wa Lamu alilitamka kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kusema ni lipi kati ya mawili. Yeye ndiye atakayekuwa sauti ya mtoto. La pili lilikuwa gumu zaidi. Neno lilitoka kwa kijana mkimya, zoezi ni la binti, na tangazo halina orodha ya majina mwishoni kama filamu. Binti alilitaja jina lake katika ukurasa wa kwanza wa ripoti ya zoezi, chini ya jina lake mwenyewe. Kijana alisema si lazima. Mwalimu wao alisema ni lazima, akawataka waandike pia ni tarehe gani neno hilo lilitajwa darasani, na nani walikuwapo.